Mashahidi wa Mto: Vijidudu Vilivyowafundisha Watu Kuyasoma Maji

Usiku wa tarehe 31 Agosti 1854 kipindupindu kililipuka Soho, katikati ya London. Ndani ya siku kumi watu wapatao 500 walikuwa wamekwisha kufa, wengi wao wakazi wa nyumba zilizozunguka pampu moja ya maji ya Broad Street. Daktari John Snow aliishuku pampu hiyo mapema, lakini alipokinga maji yake na kuyatazama hakupata la kumfikisha mbali: yalikuwa maangavu, na vichembe vyeupe vichache vikielea ndani yake. Akamwomba tabibu mwenzake, Arthur Hill Hassall, hodari wa hadubini, ayachunguze. Hassall akamjibu kwamba vile vichembe havikuwa na umbile la kiumbe chochote, ila maji yenyewe yalijaa vijidudu vidogo sana vyenye umbo la yai.

Tarehe 8 Septemba mpini wa pampu ukaondolewa kwa ushauri wa Snow. Mwaka uliofuata alitoa kitabu juu ya namna kipindupindu kinavyoenea, na humo alivitaja vijidudu vya Hassall mara moja tu, tena kwa kupita. Alisema vyenyewe havina neno. Kazi ya vijidudu hivyo ni kuongeza ushahidi kwamba maji yale yana uozo ambao vijidudu vinaishi kwa kuula. Baada ya hapo akaendelea na hesabu zake za vifo.

Kwa maoni yangu sentensi hiyo ya vijidudu ilikuwa mbele ya wakati wake. Watu wengi wa zama zile, wakionyeshwa kidudu ndani ya maji, walikigeuza mshtakiwa palepale. Snow alikiweka kando na kukisikiliza kama shahidi. Ilipita nusu karne kabla ya wataalamu wa Berlin kuwaita mashahidi hao mmoja mmoja na kuandika walichosema.

Sisi wa Afrika Mashariki tukisikia protozoa, yaani viumbe wa seli moja kama mashahidi hao, tunafikiria malaria kwanza, kisha amiba wa kuhara damu, na kule kwenye mbung'o, malale. Sifa hiyo mbaya imeletwa na wachache. Spishi nyingi mno za protozoa huishi mitoni na maziwani bila kumgusa binadamu, zikila bakteria, mwani na wenzao. Kwa habari hii wanaotuhusu hasa ni siliati, viumbe wa seli moja waliovikwa vinywele vingi vinavyopigapiga maji, vingine vya kuogelea na vingine vya kuvuta chakula kinywani.

Wa kwanza kuwaandika viumbe wa namna hii alikuwa mfanyabiashara wa nguo. Antonie van Leeuwenhoek wa Delft, Uholanzi, alijitengenezea lenzi ndogo zilizokuwa bora kuliko za wasomi wa wakati wake. Mwaka 1674 alichota maji ya ziwa la Berkel, mwendo wa kama saa mbili kutoka mjini kwake. Ziwa hilo lilikuwa safi wakati wa baridi, ila lilipoingia kiangazi maji yalififia na kujaa mawingu ya kijani. Wenyeji walisema yanaletwa na umande. Leeuwenhoek aliyaweka chini ya lenzi, akakuta nyuzi za kijani zilizojisokota na, katikati yake, vijinyama vikienda juu, chini na kuzunguka kwa kasi iliyomstaajabisha. Barua aliyoiandika Oktoba 1676 kwa Royal Society ya London ilikuwa na maelezo marefu zaidi, na wanachama walisita kumwamini hadi Robert Hooke alipojaribu mwenyewe na kuviona, Novemba 1677.

Hebu tulitazame tena lile ziwa. Maji yamebadilika rangi, wanakijiji wana maelezo yao, na mtu mmoja anakwenda kuangalia nani anaishi humo. Leeuwenhoek hakuuliza viumbe wale wanasema nini juu ya hali ya ziwa. Aliwastaajabia, na waliomfuata waliwastaajabia kwa karne moja na nusu zaidi. Mwaka 1838 Christian Gottfried Ehrenberg wa Berlin alitoa kitabu kikubwa cha picha zao, akishikilia kwamba wana viungo kamili vya ndani kama wanyama wakubwa. Hilo la viungo halikuwa kweli, lakini picha ziliwapa watu majina ya kuwaitia. Bila jina shahidi haitwi.

Hassall alikuwa na majina hayo mkononi alipoanza kuyachunguza maji ya London. Jiji lilihudumiwa na makampuni binafsi ya maji, na kadhaa kati yake yaliyavuta kutoka Mto Thames, mle mle ambamo mifereji ya choo ilimwaga. Mwaka 1850 alichapisha kitabu chenye michoro ya rangi, akaonyesha kampuni kwa kampuni alichokikuta ndani ya maji ya wateja wake: vijidudu vilivyo hai, nywele, na mabaki ya chakula yaliyokwisha kupita tumboni mwa mtu. Hitimisho lake lilikuwa kavu. Sehemu ya wakazi wa London wanakunywa kinyesi chao wenyewe na kukilipia.

Mwaka huohuo gazeti la vichekesho la Punch lilichora tone la maji ya London likiwa limejaa mazimwi. Watu walicheka na kuogopa, na hofu hiyo ilifanya kazi. Sheria ya maji ya jiji ya 1852 iliyazuia makampuni kuvuta maji katika sehemu ya Thames inayopanda na kushuka kwa maji ya bahari, na ikataka maji ya mto yachujwe kabla ya kupelekwa majumbani. Lakini kilichoogopwa kilikuwa kidudu chenyewe, na hapo umma ulikosea. Kile kinachoogelea kwenye picha hakiui mtu. Kinachoua ni kidogo zaidi, na hadubini za siku zile zilikuwa bado hazijakipambanua.

Mbali na London, katika mji wa Breslau ambao leo ni Wrocław nchini Poland, mtaalamu wa mimea Ferdinand Cohn alikuwa akichungulia visima kipindupindu kilipopita huko mwaka 1852. Mwaka uliofuata aliandika juu ya viumbe hai wa maji ya kunywa. Hakutosheka kusema kisima fulani kina wadudu na kingine hakina. Aliwapanga kwa chakula chao: kisima chenye mwani kinapata wala mwani, chenye uozo kinapata wanaokula uozo na bakteria wake. Ukimjua mla, unakijua kilichopo mezani. Fikra nzima ya kiashiria cha kibiolojia imo humo, ingawa Cohn mwenyewe baadaye alivutwa na bakteria, na ni yeye aliyempokea Robert Koch, daktari wa wilaya asiyejulikana, alipofika na matokeo yake ya kimeta mwaka 1876.

Koch karibu awafute siliati katika historia hii. Alipoonyesha namna ya kuotesha bakteria kwenye sahani na kuwahesabu, wapima maji wote walikimbilia huko, na walikuwa na sababu. Mwaka 1892 kipindupindu kiliua watu wapatao 8,600 Hamburg, mji uliokuwa ukinywa maji ya Mto Elbe bila kuyachuja. Altona, uliopakana nao, ulivuta maji ya Elbe hiyohiyo, tena chini ya mahali Hamburg ilipomwaga uchafu wake, ila uliyapitisha kwenye vichujio vya mchanga. Altona iliponea, na kwenye mitaa ya mpakani upande mmoja wa barabara uliugua huku wa pili ukiwa salama.

Hata hivyo, ukiacha usalama wa maji ya kunywa, swali la pili lilibaki bila jibu. Miji ya Ujerumani ilikuwa inakua, viwanda vya sukari, karatasi na ngozi vinamwaga mitoni, na serikali zilitaka kujua mto fulani umechafuka kiasi gani, uchafu unafika wapi, na maji yanapona baada ya kilomita ngapi. Sahani ya bakteria haikuweza kulijibu, wala chupa moja ya mkemia. Kiwanda kikimwaga usiku na mkemia akija asubuhi, maji machafu yameshapita. Ni kwa maswali ya aina hii Prussia ilifungua Berlin, mwaka 1901, taasisi ya kupima maji ya matumizi na majitaka. Huko alifanya kazi mtaalamu wa mimea aitwaye Richard Kolkwitz, pamoja na Maximilian Marsson.

Wawili hawa walikwenda mitoni. Walianzia pale mfereji wa majitaka unapoingia, wakashuka na maji, wakisimama mahali baada ya mahali kuchota, kukwangua mawe na kuchimbua tope. Mwaka 1902 walichapisha kanuni za kuyahukumu maji kwa mimea na wanyama wake, kisha mwaka 1908 wakatoa orodha ya mimea na mwaka 1909 orodha ya wanyama, mamia ya spishi, kila moja na mahali pake. Waliugawa mto katika kanda nne kwa kiasi cha uozo, na mpangilio huo ukajulikana kama mfumo wa saprobia.

Kanda ya juu kabisa, karibu na mfereji, waliiita polisaprobia. Oksijeni karibu haipo, tope ni jeusi na linanuka yai viza, bakteria hawahesabiki. Humo utamkuta Colpidium na kundi zima la wala bakteria wanaozaana upesi, na chini topeni Metopus, anayeishi pasipo oksijeni kabisa. Ukishuka unaingia mesosaprobia alfa, ambako maji bado yana harufu ila oksijeni imeanza kurudi. Paramecium caudatum anaogelea hapa kwa wingi. Kwenye mawe na vijiti kunaota manyoya meupe yanayoonekana kwa macho matupu. Ukiyakata kipande na kukiweka chini ya hadubini, ni makoloni ya Carchesium, mamia ya vikengele kwenye matawi, na ukigusa kioo kila kimoja kinajikunja peke yake. Zaidi chini ni mesosaprobia beta, yenye mwani mwingi na samaki wa kila namna. Huko yupo ndugu wa yule Paramecium, jina lake bursaria, wa kijani kwa sababu amebeba mwani ulio hai ndani ya mwili wake na anahitaji mwanga. Mwisho kabisa, oligosaprobia, maji yamerudi kama ya kijito cha mlimani.

Wapo mashahidi wanaofanana kama mapacha na kusema mambo tofauti. Vorticella microstoma na Vorticella convallaria wote ni kengele ndogo iliyokaa juu ya kikonyo, na kikonyo hicho hujisokota ghafla kama springi mtu akitikisa meza. Tofauti kubwa ni upana wa kinywa: microstoma kinywa chake kimebana, convallaria kimepanuka kuliko mwili. Wa kwanza ni wa kanda chafu kuliko zote, wa pili ni wa kanda inayofuata. Anayewachanganya ameutolea mto hukumu isiyo yake.

Kwa nini viumbe hawa na si samaki? Samaki anaweza kuondoka maji yakiharibika na kurudi yakitakata. Siliati aliyeshika jiwe haendi popote, na hana ngozi ya kumkinga. Utando mwembamba tu ndio uliopo kati yake na mto. Chakula kikiongezeka, baadhi yao hugawanyika ndani ya saa chache, kwa hiyo jamii nzima hubadilika katika siku chache. Inaonyesha yaliyotokea juma zima, hata yale ya usiku ambayo mkemia hakuyakuta.

Marsson alifariki mwaka 1909, mwaka uleule orodha ya wanyama ilipotoka. Kolkwitz aliendelea kuirekebisha, na toleo lake la mwisho alilitoa mwaka 1950 akiwa mzee. Mwaka 1955 wataalamu wawili, Pantle na Buck, waliigeuza orodha kuwa hesabu ambayo ofisa yeyote wa maji angeweza kuifanya. Kila spishi ilipewa namba, 1 kwa maji safi hadi 4 kwa machafu kupindukia. Wingi wake nao ukapewa 1 kwa wachache, 3 kwa wengi na 5 kwa waliofurika. Unazidisha, unajumlisha, kisha unagawa kwa jumla ya wingi. Sampuli iliyofurika Carchesium mwenye namba 3, na ina bursaria wachache wenye namba 2, inatoa 15 na 2, jumla 17. Gawa kwa 6 unapata kama 2.8, yaani mesosaprobia alfa. Mwaka 1961 Zelinka na Marvan wa Brno waliona ni dhuluma kumfunga kiumbe kwenye kanda moja, wakampa kila mmoja pointi 10 za kugawa baina ya kanda anazoishi. Vladimír Sládeček wa Prague akaukusanya mfumo wote katika kazi yake kubwa ya 1973. Mwaka mmoja kabla yake, Shirika la Afya Duniani lilichapisha Geneva mwongozo wa Hartmut Bick wa siliati wanaotumika kama viashiria, wenye michoro.

Waingereza hawakuingia katika mfumo huo. Noel Hynes, katika kitabu chake cha 1960 juu ya biolojia ya maji yaliyochafuliwa, aliuona mfumo wa Wajerumani kuwa mgumu na wenye kujiamini kupita kiasi, kwani spishi nyingi zile huonekana kila mahali kwa idadi ndogo. Hoja nyingine ilikuwa nzito zaidi. Miaka ya 1920 Kathleen Carpenter alichunguza mito ya magharibi mwa Wales chini ya migodi ya risasi. Maji yalikuwa maangavu, hayana uozo, na samaki hakuna. Mfumo uliobuniwa kupima uozo hauna la kusema juu ya risasi. Wakosoaji walikuwa na haki hapo, ingawa nionavyo mimi hoja hiyo inamlaumu shahidi kwa jambo ambalo hakuulizwa.

Ajabu ni kwamba Uingereza hiyohiyo ndiko siliati walikopata kazi ya kudumu, si mtoni bali kwenye mitambo ya majitaka. Mwaka 1914 Ardern na Lockett wa Manchester walitangaza njia ya kusafisha majitaka kwa kuyapulizia hewa pamoja na tope lenye bakteria. Protozoa walijaa humo, na kulikuwa na wataalamu waliowaona wezi wanaokula bakteria wanaofanya kazi. Mwaka 1968 Colin Curds na wenzake waliumaliza mjadala kwa jaribio rahisi. Walijenga mitambo midogo isiyo na siliati. Maji yaliyotoka yalikuwa na ukungu wa bakteria. Walipowatia siliati, maji yakatakata. Tangu hapo mwendesha mtambo mwenye hadubini hutazama tone la tope: akiona wale wenye vikonyo na wanaotambaa juu ya madonge anajua mambo yanakwenda, akiona vijidudu vya mkia vitupu, anakwenda kukagua hewa.

Marekani walikwenda njia yao. Mwaka 1948 Ruth Patrick aliongoza kundi la wataalamu kwenye bonde la Conestoga, Pennsylvania, na kijana aliyeshughulikia protozoa alikuwa John Cairns. Patrick hakujali sana spishi ipi ipo. Alihesabu zipo ngapi, akijua mto ulioharibika huwabakisha wachache wanaofurika. Baadaye Cairns alianza kutundika vipande vya sponji majini na kuhesabu protozoa wanavyohamia humo siku hadi siku. Njia hiyo ilipokewa China na Shen Yunfen wa taasisi ya hidrobiolojia ya Wuhan, na mwaka 1991 ikawa kiwango rasmi cha taifa.

Kati ya 1991 na 1995 Wilhelm Foissner wa Salzburg na wenzake walitoa juzuu nne, zaidi ya kurasa 2,000, zikimpitia upya kila siliati wa mfumo wa saprobia. Kazi hiyo haijapata mpinzani hadi leo. Ilikamilika wakati soko linafungwa: agizo la maji la Umoja wa Ulaya la mwaka 2000 liliagiza mito ipimwe kwa mimea, mwani, wanyama wa chini wasio na uti wa mgongo na samaki. Protozoa hawamo. Sababu kubwa ni ya kazi, si ya sayansi. Siliati lazima atazamwe akiwa hai, kwa kuwa akitiwa dawa ya kuhifadhi hubadilika umbo au hupasuka, na sampuli ikikaa chupani oksijeni inashuka na wakazi wanabadilika. Mdudu wa mtoni unamtia spiriti na kumhesabu mwezi ujao.

Kwetu hesabu imefuata njia ya wadudu pia. Kipimo cha mito cha Tanzania kiitwacho TARISS, kilichochapishwa mwaka 2015 kwa kufuata mfano wa Afrika Kusini, hutumia wavu, sinia na macho ya mtu aliyefunzwa kutambua familia za wanyama wadogo papo hapo ukingoni. Ni uamuzi wa busara kwa nchi yenye mito mingi na wataalamu wachache. Lakini katika mabwawa ya majitaka, na mito ya mijini ambako wadudu wamebaki aina mbili tatu, siliati bado wana mengi ya kueleza, na vifaa vipo: hadubini ya zahanati inayosaka vimelea vya malaria inamwonyesha Paramecium bila taabu. Walimu wa biolojia na maofisa wa maji walifanyie kazi jambo hili. Chupa isijazwe hadi mdomoni, na sampuli itazamwe siku hiyohiyo. Hata wakikuta viumbe wa maji safi watupu, maji ya kunywa yachemshwe vilevile. Siliati hushuhudia uozo na oksijeni, na juu ya kipindupindu hawajui lolote.